Dawa Zimemaliza Saratani, Mbona Nipasuliwe?

Mfikirie kijana wa Kwanza, miaka 24. Korodani moja ilivimba bila maumivu, ikaondolewa, kisha akatiwa dawa kali za saratani kwa mshipa. Sasa nywele zinaota tena, amerudi kupalilia mahindi, na vipimo vya damu ni safi. Ghafla daktari anamwambia skani imeonyesha uvimbe wa sentimita 3 nyuma ya tumbo, na ni lazima apasuliwe. Wengi wakifika hapo hutoroka kliniki.

Usitoroke. Saratani hii, ambayo huanzia katika chembe zinazotengeneza mbegu za uzazi, hupona kuliko nyingi. Mwaka 1974, Dkt. Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alianza kuwapa wagonjwa dawa ya sisplatini pamoja na nyingine mbili, na waliokuwa wakingoja kifo wakapona. Chuo hicho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kwa zaidi ya miaka 30.

Lakini dawa pekee hazitoshi daima. Kati ya wagonjwa 10 wanaobaki na uvimbe, karibu 5 huwa na kovu tupu, 4 huwa na uvimbe uitwao teratoma, na 1 bado ana saratani hai. Teratoma haisikii dawa, wala haionekani katika damu. Ikiachwa, yaweza kukua ikabana figo, au kugeuka saratani isiyotibika kwa urahisi. Skani haiwezi kuitofautisha na kovu. Ndiyo maana uvimbe unaozidi sentimita 1 hutolewa, ukapimwa maabara. Aina iitwayo seminoma ina utaratibu wake. Mara nyingi hufuatiliwa tu.

Upasuaji huu hugusa sehemu zilizo karibu na mshipa mkuu wa damu, kwa hiyo si wa kila hospitali. Ukiwa Kitale au Bungoma, omba rufaa, kwa mfano Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Muulize daktari mambo mawili. Je, mishipa ya fahamu inayosukuma manii nje itaokolewa? Na je, mtoa nusukaputi anajua kama ulipewa bleomaisini, dawa inayoweza kudhuru mapafu?

Ndugu yangu, kujisikia vizuri si kupona. Umetembea safari ndefu. Usiketi chini mlangoni pa nyumbani.