Chanjo ya Polio Kano: Dawa Huhitaji Uaminifu

Mtume (s.a.w.) ameamrisha kujitibu, na asili ya dawa isiyo na madhara ni kujuzu. Kwa nini basi jimbo la Kano, Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio mwaka 2003? Watu walihofia kuwa inakata uzazi, nao walikuwa wakiwakumbuka watoto waliofanyiwa majaribio ya dawa ya uti wa mgongo mwaka 1996. Polio ikavuka hadi nchi nyingine. Chanjo ilirejea mwaka 2004, baada ya kupimwa na kuagizwa kutoka Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi.

Hivyo aletaye kitu kipya aanze kwa kujibu hofu za watu. Nasi maimamu tufanye tabayyun kabla ya kutamka juu ya mimbari, kwani anayelemaa ni mtoto.