Hodi ya Kibodi

Mlango wa PS/2, ule wa duara wenye pini 6, ulikuja na kompyuta za IBM Personal System/2 mwaka 1987. Wa USB ukafuata mwaka 1996. Yote miwili hupokea kibodi na kipanya. Kinachoitenganisha ni nani anayeanza mazungumzo.

Kibodi ya PS/2 hubisha hodi. Kitufe kikibonyezwa, kibodi yenyewe hupiga mapigo ya saa kwenye waya mmoja, na kwa kila pigo hupitisha biti moja kwenye waya wa pili. Biti 11 hukamilisha fungu: 1 ya kufungua, 8 za msimbo wa kitufe, 1 ya kukagua kosa, 1 ya kufunga. Fungu likifika, prosesa huashiriwa papo hapo. Kuiita ishara hiyo “katizo” ni kuionea. Mkatizaji hudakia maneno ya mwenzake, ilhali prosesa humaliza kwanza amri iliyomo mkononi, huweka alama ilipofikia, ndipo huitikia. Hiyo ni hodi hasa. Hata mwenyeji asipokuwa tayari, huishikilia volti ya waya wa saa isipande, na kibodi hungoja kizingitini na vitufe vyake kwenye hifadhi ndogo hadi ikaribishwe.

Kwenye USB hakuna hodi. Kifaa hakisemi mpaka kiulizwe, na kompyuta hupita kama balozi wa nyumba kumi: “Kuna jipya hapa?” Kipanya cha kawaida huulizwa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8; cha michezo, mara 1,000 au zaidi. Anayebonyeza kitufe balozi akiwa ndiyo kwanza ametoka hungoja mzunguko ujao. Tena fomu ya balozi ni fupi: taarifa ya msingi ya kibodi ina nafasi 6 tu za vitufe vya kawaida vilivyobonyezwa pamoja. PS/2 hutangaza kila kitufe kikishuka na kikipanda, bila fomu yoyote. Kibodi nyingi mpya za USB zimeshauvuka ukomo huo wa vitufe 6.

Kwenye milango ya PS/2, rangi ya zambarau ni ya kibodi, kijani ya kipanya. Matundu yenyewe yanalingana, na waliokosea ni wengi. Tena PS/2 haikuundwa kuchomekwa kompyuta ikiwa imewashwa, na kibodi iliyochomoka mara nyingi hairudi hadi mashine iwashwe upya. Kwenye USB, kifaa kikichomekwa huinua volti ya waya mmoja wa data; balozi huliona hilo, hukisajili na kukipa namba.