Kuku wageni wasiingie bandani siku hiyo hiyo

Wafugaji wengi wa Kibaha na Kisarawe wanapotaka kupanua mradi wa kuku wa kienyeji hununua mitetea au jogoo kwa jirani, sokoni, au kwa wachuuzi wanaoleta kuku Dar es Salaam kutoka Singida na Dodoma. Kuku hufika jioni ndani ya tenga, hufunguliwa na kuingizwa bandani moja kwa moja. Hapo ndipo hasara huanzia.

Tufanye hesabu. Mfugaji ana kuku 40, ananunua wengine 10. Tukichukulia kila kuku ni sh. 15,000, ameongeza mali ya sh. 150,000. Lakini akiwachanganya siku hiyo hiyo, anaweka rehani kuku wa sh. 600,000 aliokuwa nao tayari.

Adui mkubwa ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kwa siku tano au sita, na wakati mwingine hadi 15, kabla ya kuharisha kijani, kuhema kwa shida au kupinda shingo. Ugonjwa huu hauna tiba, una chanjo tu. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi za mdondo, hutengenezwa Kibaha na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Kila kuku hupewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku wa zamani wachanjwe angalau wiki mbili kabla ya wageni kufika, kwani kinga haijengeki kwa siku moja.

Wageni watengewe kibanda chao, mbali na banda kubwa, kwa siku 21. Wawe na vyombo vyao vya maji na chakula. Hudumia kwanza kuku wa zamani, wageni wawe wa mwisho, kisha nawa mikono na ubadili viatu. Wakaguliwe chawa na utitiri, wapewe dawa ya minyoo, na wachanjwe wakishapumzika na safari. Katika wiki ya mwisho, weka kuku wako mmoja pamoja nao. Akiugua, umepoteza mmoja badala ya 40.

Muda ukiisha bila ugonjwa, watenganishe kwa wavu ndani ya banda kwa siku chache ili wazoeane bila kudonoana. Kisha wachanganye usiku wakiwa wamelala, kadhaa kwa pamoja, kwani anayeingia peke yake ndiye huonewa. Ongeza vyombo vya chakula ili wanyonge nao wapate.

Kibanda cha miti na wavu chakavu hakifikii bei ya kuku wachache. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kuku, mfugaji asubiri siku 21.