Kabla ya Ikulu: Miaka ya Obama Katika Bunge la Jimbo

Jina la Barack Obama halihitaji kuelezwa hapa Kenya, wala kijiji cha Kogelo, Kaunti ya Siaya, yalipo makwao babake. Kinachotajwa mara chache ni kwamba kabla ya kuwa Rais wa Marekani, na kabla hata ya kuingia Seneti ya taifa, alikaa karibu miaka minane katika bunge la jimbo la Illinois. Kazi hiyo haiko mbali sana na ya mwakilishi wadi wetu. Tunaieleza kwa sababu wakazi wengi bado huuliza: MCA hufanya nini hasa?

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana na bunge lake. Mabunge hayo yana mamlaka makubwa kuliko ya kaunti zetu 47. Hutunga sheria za jinai na za polisi, mambo ambayo hapa kwetu yako chini ya serikali ya kitaifa.

Seneti ya Illinois ina wanachama 59. Obama alichaguliwa mwaka wa 1996 kuwakilisha eneo la kusini mwa jiji la Chicago, akaapishwa Januari 1997. Hakuingia kwa upole. Wasaidizi wake walikagua sahihi za wapiga kura ambazo wapinzani wake chamani walikuwa wamewasilisha ili kuidhinishwa, wakapata kasoro, na wapinzani hao wakaondolewa. Katika mchujo wa chama cha Democratic akabaki peke yake.

Miaka yake sita ya kwanza, chama chake kilikuwa upande wa wachache katika Seneti. Mswada wa mwanachama wa upande huo aghalabu hufia kwenye kamati, kwa hivyo ilimbidi atafute marafiki miongoni mwa wapinzani wake, Republican. Hivyo ndivyo alivyoshiriki kupitisha sheria ya 1998 iliyobana zawadi ambazo wanasiasa wa jimbo wangeweza kupokea.

Haikuwa safari ya ushindi mtupu. Desemba 1999 alikuwa Hawaii na familia yake, bintiye akiwa mgonjwa, wakati Seneti ilipopigia kura mswada wa kudhibiti bunduki. Mswada ulianguka kwa kukosa kura chache, naye akashutumiwa vikali kwa kutokuwepo. Miezi michache baadaye, katika mchujo wa 2000, alijaribu kumng'oa Bobby Rush katika Bunge la Wawakilishi la taifa. Alishindwa vibaya: Rush alipata zaidi ya mara mbili ya kura zake. Akarudi kwenye kiti chake cha jimbo.

Mambo yaligeuka mwaka wa 2003, chama chake kilipopata wingi wa viti na yeye akawa mwenyekiti wa kamati ya afya. Mswada wake unaokumbukwa zaidi, hata hivyo, ulihusu polisi. Illinois ilikuwa imegundua kwamba watu wasio na hatia walihukumiwa kifo, baadhi yao kutokana na maungamo yaliyopatikana kwa nguvu. Obama alitaka mahojiano ya washukiwa wa mauaji walio korokoroni yarekodiwe. Polisi na waendesha mashtaka walipinga. Alikaa nao mara kwa mara, akakubali marekebisho, lakini hakuachilia sharti lenyewe la kurekodi. Seneti ilipopiga kura, hakuna aliyepinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge. Kazi ya aina hii haipigwi picha sana, nasi wa vitengo vya habari tunalijua hilo vizuri.

Rekodi yake ilimfuata pia. Alipowania urais, wapinzani walifukua zaidi ya kura 100 ambazo alikuwa amesema tu kwamba yupo, bila kuunga mkono wala kupinga. Yeye alizitetea kuwa mbinu ya kawaida ya bunge hilo. Novemba 2004 alichaguliwa kuingia Seneti ya taifa, akaondoka Springfield.

Hapa kwetu, Kifungu cha 185 cha Katiba kinalipa bunge la kaunti kazi ya kutunga sheria, kuikagua serikali ya kaunti, na kupokea na kuidhinisha mipango yake. Bajeti ya barabara, zahanati na basari hupitia mikononi mwao. Michango ya matanga na bili za hospitali, ambazo wawakilishi wadi huombwa karibu kila siku, hazimo katika orodha hiyo.

Kifungu cha 196 kinataka vikao vya bunge na vya kamati viwe wazi kwa umma. Mkazi anaweza kuketi na kusikiliza mwakilishi wake akisema nini, au kama amekuja. Aidha, Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia bunge ombi rasmi kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, hutiwa sahihi na kupelekwa kwa karani wa bunge. Taja hatua ulizochukua tayari, ofisi ulizoziendea, na kama suala hilo liko mahakamani.