Fahamu: Kwa nini jicho huamua sauti inakotoka

Keti hotelini mjini Masalani saa ya taarifa ya habari. Spika imetundikwa mlangoni, nyuma yako, lakini maneno unayasikia yakitoka mdomoni mwa mtangazaji kwenye runinga. Jicho limeliamulia sikio.

Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia kwanza, ikiwa na nguvu kidogo zaidi. Tofauti hiyo ya muda haifiki hata elfu moja ya sekunde, na ubongo huitumia kukadiria upande. Lakini jicho hupima mahali kwa usahihi zaidi, kwa hiyo jicho na sikio yakipingana, ubongo huelemea jicho. Kwenye maabara, watu wamesikilizishwa sauti inayohama kwenda kushoto huku taa zikihama kwenda kulia; mara nyingi walisema sauti imekwenda kulia. Taa zikichelewa nusu sekunde, udanganyifu huisha.

Ishara za mikono nazo zimo. Mwaka 2007 Michael Schutz na Scott Lipscomb walionyesha kuwa mpiga marimba akipiga kwa mwendo mrefu wa mkono, anayemtazama husikia noti ndefu zaidi, ingawa sauti ni ileile.

Usiku mambo hubadilika, kwani jicho halioni. Mfugaji wa Kisomali anayetafuta ngamia gizani hutegemea tu mlio wa kengele ya mbao iliyo shingoni mwa mnyama. Mlio wa mbele na wa nyuma hufika masikioni karibu sawa, hivyo mfugaji hugeuza kichwa kidogo, kisha husikiliza tena.