Tuvune Matawi Bila Kuua Mitende Yetu



Jumapili ya Matawi inapokaribia, panga huanza kazi kwenye mitende ya mapambo, mikindu na michikichi iliyo katika viwanja vya makanisa yetu. Miezi michache baadaye baadhi ya miti hiyo hukauka, nasi tunasingizia jua. Mara nyingi kosa ni namna tulivyokata.

Mwembe ukikatwa tawi huchipua kwingine. Mtende hauna matawi. Tunachokiita tawi ni jani. Shina lake lina chipukizi moja tu la kukua, nalo liko katikati ya kilele. Jani changa lililosimama wima kama mkuki hutoka hapo. Ukilikata hadi chini na kujeruhi chipukizi hilo, shina zima hufa. Mkindu una nafuu, kwa kuwa huota mashina mengi pamoja. Mchikichi wenye shina moja hauna akiba.

Basi tukate majani ya chini, ya pembeni, jani moja au mawili kwa kila mti. Jani moja la mchikichi mkubwa lina vijani zaidi ya 200. Likigawanywa, linatosha Jumuiya Ndogo Ndogo kadhaa. Tena Kanisa linaruhusu matawi ya miti mingine. Katika Injili nne, ni Yohane peke yake (12:13) anayeitaja mitende kwa jina.

Kwa wanaotaka kupanda, hapa Kakonko, kama ilivyo Kibondo na Kasulu, wakati mzuri ni Novemba, mvua zikishakolea. Mche upate mahali penye jua, mbali na ukuta. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri. Chana kiriba bila kuvunja bonge la udongo, kisha panda kwa kina kilekile mche uliokuwa nacho. Shina likizikwa sana huoza.

Kuanzia Juni hadi Septemba, mwagilia mche mara mbili kwa wiki, maji ya kutosha kufika mizizini. Tandaza nyasi kavu kuuzunguka, zisiguse shina. Majani ya zamani yakigeuka manjano, huenda mti umekosa potasiamu. Majivu kidogo ya jikoni husaidia. Usilipue moto wala kupigilia misumari kwenye shina, kwani jeraha la mtende halizibi kama la miti mingine. Ondoa majani yaliyokauka kabisa tu. Yenye ukijani bado yanaulisha mti.

Matawi yaliyobarikiwa tuyahifadhi nyumbani kwa heshima, kisha tuyarudishe parokiani kabla ya Jumatano ya Majivu, yachomwe yawe majivu ya kuanzia Kwaresima. Nao mti uliotupatia ubaki hai, ili watoto wetu nao wapate matawi mwaka ujao.