Mlinzi wa Lori Naye Alindwe

Ndugu zetu wa Mbinga hawana haja ya kuelezwa faida ya lori. Makaa ya mawe yachimbwayo Ngaka tangu mwaka 2011 husafiri kwa malori, na mengi yamepita Songea, Tunduru na Masasi mpaka bandari ya Mtwara. Kahawa ya Umatengo hutoka milimani kwa malori. Tena barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imeyafungulia magari njia ya kuteremka mpaka ufuko wa Ziwa Nyasa.

Leo twataka kusema juu ya kitu kidogo kinachofichwa ndani ya magari ya namna hiyo: kifaa cha kufuatilia gari. Hicho hupokea ishara za setilaiti na kujua gari liko wapi. Kisha, kwa laini ya simu iliyomo ndani yake, hupeleka habari hizo ofisini. Vingine huungwa na waya wa mafuta au wa kuwashia injini, ili lori likiibwa mwenyewe alizime angali mbali.

Sisi hatukipingi kifaa hiki. Mali bila daftari huisha bila habari, na mwenye lori lililo Mtwara ana haki ya kujua mwendo wake na mafuta yake. Tunalouliza ni hili: mlinzi huyu naye analindwa na nani?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2019 mdukuzi mmoja aliingia katika maelfu ya akaunti za programu mbili za kufuatilia magari, iTrack na ProTrack, kwa sababu tu wenye akaunti waliliacha neno la siri walilopewa siku ya kwanza, yaani 123456. Alieleza kuwa angeweza kuzima injini za baadhi ya magari hayo. Julai 2022 kampuni ya BitSight ilitangaza kasoro kubwa katika kifaa kiitwacho MiCODUS MV720: mtu baki aliweza kufuata gari na hata kukata mafuta. Kampuni inayokitengeneza ilidai kuwa na vifaa milioni moja na nusu vinavyotumika.

Basi fikirini, ndugu, lori lililosheheni likizimwa injini katikati ya mteremko wa kwenda ziwani. Usukani waweza kuwa mzito. Anayekufa hapo si yule aliyebonyeza kitufe.

Iko na hasara nyingine isiyo na kishindo. Katika mabonde yasiyo na mtandao kifaa hunyamaza, na daftari laweza kubaki na pengo. Tena mdukuzi aweza kuingiza habari za uongo. Dereva mwaminifu akiulizwa mafuta yalikwenda wapi, atajitetea kwa nini, ikiwa neno la mashine limekwisha kuaminiwa kuliko lake?

Kwa hiyo wenye malori hawana budi kufanya mambo haya. Neno la siri libadilishwe siku kifaa kinapofungwa, na programu zisasishwe. Karani akiacha kazi, ruhusa yake ifutwe siku hiyohiyo. Ofisi iangalie kila siku ni nani ameingia katika mtambo, saa ngapi na kutoka wapi. Anayeingia usiku wa manane kutoka nchi ya mbali aulizwe kabla ya asubuhi. Amri ya kuzima injini isiwe mkononi mwa mtu mmoja, wala isitolewe gari likiwa mwendoni.

Sheria ziko. Ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humtia hatiani anayeingia katika mtambo wa mwenziwe bila ruhusa. Ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humpa mtu haki ya kuziona habari zinazomhusu na kudai zisahihishwe. Madereva waifahamu haki hiyo, na vyama vyao viwasaidie kuidai.

Lakini sheria huja baada ya ajali. Kubadili neno la siri hakugharimu hata senti moja, nako huja kabla. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu, ndugu, waweza kuwa wa kaburi la dereva.